Vibao vya majengo ya umma viwekwe pale mgeni anapokwama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wanaosimamia hospitali, mahakama na ofisi za halmashauri waache kuvifanya vibao vya kuelekeza kuwa pambo la kuongezwa jengo likishakamilika.

Katika hospitali moja ya rufaa nilikompeleka mzazi wangu, ramani ya jengo imebandikwa ukutani pale mapokezi, lakini imechorwa kaskazini ikiwa juu ilhali anayeisoma ametazama kusini, hivyo kilicho kushoto kwenye ramani atakikuta kulia akianza kutembea. Ramani ya ukutani haigeuziki kama ya mkononi. Ni wajibu wa mchoraji kuigeuza mapema, ili kilicho mbele ya msomaji kiwe juu. Hatua chache kutoka hapo kuna kibao cha maabara chenye mshale unaoelekea juu. Aliyekiweka alimaanisha “nyoosha moja kwa moja”, lakini wagonjwa, wengine wakiwa na magongo, wanapanda ngazi na kuishia wodini.

Kwenye mlango wa wodi hiyo wauguzi wamebandika karatasi kwa plasta: “Hapa si maabara.” Karatasi za namna hii zimejaa katika majengo yetu, na kwa maoni yangu hakuna ushahidi bora kwa mbunifu wa vibao, kwa kuwa kila moja inaonyesha mahali ambapo watu wamepotea mpaka mtumishi akachoka kuulizwa. Azisome zote kabla ya kuchora chochote.

Wapo pia wasiojua kusoma. Mji wa Mexico ulipofungua treni zake za chini ya ardhi mwaka 1969, kila kituo kilipewa mchoro wake ili abiria wa aina hiyo akitambue, nasi tunaweza kuipa kila idara mchoro na rangi yake. Kwa wasioona yanahitajika maandishi ya nukta nundu, yawekwe mkono unapofika, kwani Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikuwasahau.

Ombi langu la mwisho ni kwamba, kabla kazi ya vibao haijapokelewa, watafutwe watu ambao hawajawahi kuingia katika jengo husika, watembee kutoka getini hadi maabara bila kumuuliza mtu, na mkandarasi asimaliziwe malipo yake hadi wafike.

Msomaji wako,
Morogoro