Mwanangu, ngoja nikuhadithie 1988

Mwanangu,

Hujambo huko. Sisi wazima, mama yako anakusalimia sana anasema usikae na njaa kisa laptopu. Nimesoma ile meseji yako ndefu ya kulalamika kwamba mwalimu anawachoresha gunia la unga linaruka, mara mpira unadunda, kwa penseli, karatasi juu ya karatasi, wakati softwea ipo na inafanya yote hayo fasta, na ukamalizia kwamba animesheni ya mkono ilishakufa na wanaoing'ang'ania ni wazee. Sikukujibu palepale kwa sababu vidole vyangu na simu haviivani, nikasema nitakaa chini nikuandikie kwa nafasi. Na nitakuandikia habari za mwaka mmoja tu, 1988, maana ule mwaka mkono na kompyuta walikuwa wote ulingoni, mmoja yuko kileleni kabisa na mwingine ndo kwanza anajifunza kusimama.

Huo mwaka wenyewe huku Tanzania bara hata kituo cha televisheni hatukuwa nacho, mpaka 1994, wenzetu Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini tena ya rangi. Kwa hiyo vitu vya 1988 mimi nilivipata vimeshapoa, enzi za banda la video, kwa kanda zilizokopiwa na kukopiwa tena mpaka nyekundu imekuwa kama chai ya maziwa. Lakini kila nilipopata katuni iliyonifanya niirudishe nyuma niangalie tena, nikisoma jalada nakuta 1988. Nikaanza kuufuatilia kama mtu anavyofuatilia timu.

Nianze na upande wako. Agosti ya mwaka ule, Atlanta, Marekani, kwenye mkutano wa watu wa picha za kompyuta unaoitwa SIGGRAPH, jamaa wa Pixar walionyesha kafilamu ka dakika kama 5, Tin Toy. Usifikirie Pixar hii unayoijua wewe ya katuni za sinema, ile ilikuwa kampuni ya kuuza kompyuta za bei mbaya za kuchakata picha, Steve Jobs aliinunua 1986 kutoka kwa George Lucas na ikawa inamla hela tu, hizo filamu fupi zilikuwa za kuwaonyesha watu mashine na programu zao zinaweza nini. Hadithi yenyewe ni kidude cha bati kimebeba ngoma na makorokoro mengine ya muziki, kinamfurahia mtoto mchanga anayeingia chumbani, halafu kinamuona anavyotafuna na kurusha midoli mingine, kinaogopa. Sasa kinataka kukimbia lakini kila kikipiga hatua ngoma inalia na mtoto anageuka! Kinasimama, mtoto anakitazama, kinajaribu tena taratibu, inalia tena. Mimi pale nilicheka mpaka machozi.

Mtoto wenyewe sasa, jamani. Ule uso unatisha, ngozi kama ndoo ya plastiki na nepi utadhani amepigwa plasta hospitali. Kompyuta ya wakati ule kwa binadamu ilikuwa imeshindwa na wala haikujificha. Lakini kile kidude kiko hai, unaona kinavyofikiria, unaona macho yanatangulia halafu mwili ndo unafuata. Machi 1989 wakachukua Oscar ya filamu fupi ya katuni, mara ya kwanza kazi ya kompyuta kuipata.

Na aliyeiongoza ni nani? John Lasseter, mtu wa penseli. Alisoma chuo cha CalArts, akafundishwa na wazee waliotoka Disney, akaajiriwa Disney akichora, wakamtoa mapema miaka ya themanini baada ya kushupalia mambo ya kompyuta ambayo wakubwa hawakuyataka. Mwaka 1987, mwaka mmoja kabla ya Tin Toy, huyo huyo alipeleka andiko SIGGRAPH kuwaeleza wataalamu wa kompyuta kanuni za kale za katuni za mkono, kitu kikidunda kinabonyea halafu kinanyooka, mtu kabla hajaruka lazima ajikunje kwanza, na nyingine kama hizo, kwamba hizi ndo ziingizwe kwenye 3D. Kile anachowachosha nacho mwalimu wenu ndicho hicho hicho mwanangu. Ule mpira wako unaoudharau ndo ulioingia kwenye mashine ukatoka na Oscar.

Mama yako nilipomsomea hapa alipo na cherehani yake kasema kwani mimi nilivyonunua hii ya umeme ndo nikajua kukata nguo? Nimemwambia hiyo nitaiweka kwenye barua.

Haya, mkono. Juni 22 ilitoka Who Framed Roger Rabbit, Marekani, ya Robert Zemeckis, zaidi ya dola milioni 50 zilitumika na iliingiza zaidi ya milioni 300 duniani. Humo sungura wa katuni anaishi na watu halisi, na utakuta Mickey wa Disney na Bugs Bunny wa Warner wako pamoja kwenye picha moja, mahasimu wa miaka yote, wenye kampuni walibananishana mpaka ikabidi wapewe muda sawasawa, Donald na Daffy nao wanashindana kupiga piano. Hiyo ndo sehemu watu wanaikumbuka. Mimi nakutaka uangalie nyingine.

Kiongozi wa wachoraji alikuwa Richard Williams, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa na studio London. Ndiye aliyeandika The Animator's Survival Kit, lile libuku nene unalosema linakuvunja mgongo kwenye begi. Kabla ya filamu hii ya sungura mtu akitaka kuchanganya katuni na watu halisi, mara nyingi kamera ilisimama tuli ili mchoraji asipate taabu, Zemeckis akasema kamera yangu itatembea nitakavyo, na Williams akasema sawa. Maana yake nini hiyo: kila fremu, yaani kila picha moja moja ya filamu, inatolewa kama picha kubwa kwenye karatasi, mchoraji anaweka karatasi yake juu na kumchora sungura alingane na pale, fremu inayofuata kamera imesogea kidogo kwa hiyo sungura naye anachorwa upya kwa pembe nyingine, na hapo sekunde moja ni fremu 24. Ikitoka hapo inakwenda ILM, kampuni ya George Lucas ya ujanja wa picha, kuwekewa matabaka, tabaka la kivuli, tabaka la mwanga, tabaka la ule mviringo wa mwili, yote kwa mashine za kuunganisha filamu kwa filamu. Kompyuta hakuna kwenye kumchora huyo sungura, hata kidogo.

Sasa kuna sehemu mpelelezi, mtu halisi, na sungura wamefungwa pingu moja wako kwenye chumba cha nyuma cha baa, mpelelezi anagonga taa kwa kichwa, taa inaanza kubembea. Ikibembea basi vivuli vya chumba kizima vinabembea, na sungura wa kuchorwa naye inabidi kivuli chake kihame mwilini fremu baada ya fremu. Ile taa ingeachwa imetulia hakuna mtazamaji hata mmoja angelalamika, hadithi isingepungua kitu. Waliigonga kusudi. Watu wa kazi hiyo wanaizungumzia mpaka leo, na mimi nikiwaangalia wale nasema hawa walikuwa na wazimu fulani hivi mzuri.

Na Bob Hoskins, yule mpelelezi, alikuwa anaigiza na hewa, maana sungura hayupo. Kuna mwigizaji wa sauti, Charles Fleischer, alikuwa anasimama pembeni ya kamera amevaa nguo za sungura kumjibu, lakini macho ya Hoskins yalitakiwa yatue mahali ambapo hapana mtu. Akasema alijifunza kwa kumwangalia binti yake mdogo akicheza na marafiki wa kufikirika. Hiyo nilipoisoma nikakukumbuka wewe na yule mgeni wako wa chini ya meza uliyekuwa unamwekea ugali.

Williams alipewa Oscar maalumu kwa kazi ile. Halafu filamu yake mwenyewe, aliyoianza miaka ya sitini akiichora kidogokidogo kwa hela za matangazo, ikapata mfadhili mkubwa kwa sababu ya huyo sungura, akachelewa, na 1992 akanyang'anywa ikamaliziwa na watu wengine. Inauma, lakini ndo hivyo.

Japani sasa, na hapa nitakuwa mrefu kidogo unisamehe. Aprili 16, 1988 studio ya Ghibli, changa tu ya mwaka 1985, ilitoa filamu mbili siku moja na zikaonyeshwa pamoja kwa tiketi moja. Moja ni Totoro ya Hayao Miyazaki, watoto wawili wanahamia kijijini mama yao yuko hospitali, wanakutana na lidubwana la msituni lenye manyoya. Wenye hela hawakuielewa, watoto wawili na dubwana shambani ndo nini? Ya pili ya Isao Takahata, Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli, kaka na mdogo wake wa kike mji wa Kobe 1945 mabomu ya moto yanashuka. Ndo zikaunganishwa ili zitoke, hiyo ya Takahata ikabebwa na kampuni ya kuchapisha vitabu, Shinchosha, iliyokuwa na riwaya yenyewe. Mwandishi wa riwaya, Akiyuki Nosaka, mdogo wake alikufa kwa utapiamlo vita ile. Takahata mwenyewe akiwa na miaka 9 alikimbia mabomu mji wa Okayama. Mama yake Miyazaki aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo miaka na miaka. Kwa hiyo unaona hawa hawakuwa wanatafuta hadithi mitaani.

Unajua mistari ya watu kwenye hiyo ya Takahata ni ya kahawia? Kawaida mstari wa nje unakuwa mweusi, wao wakatumia kahawia ili mtu asikatike sana na nyuma yake, alale ndani ya picha. Na sauti ya yule mdogo ni ya mtoto wa miaka 5 kweli, wakamrekodi kwanza halafu wachoraji wakafuata pumzi zake, kinyume na desturi ya Japani ambayo picha inatangulia sauti inakuja baadaye. Angalia anavyotikisa lile kopo la peremende. Anavyokalia miguu. Hapo hakuna anayeruka wala kupaa, ni mtoto tu anachuchumaa, na ndo kazi ngumu kuliko zote, maana kila mtazamaji ameshamuona mtoto akichuchumaa.

Julai 16 tena Japani hiyohiyo, Akira ya Katsuhiro Otomo. Hii iko kinyume kabisa, mapikipiki, mji wa Tokyo mpya mwaka 2019, kila kitu kinalipuka. Seli zaidi ya 160,000 zilipakwa rangi kwa mkono. Wewe seli hujaziona, ni karatasi ya plastiki angavu, mchoro unahamishiwa juu yake, rangi inapakwa kwa nyuma, inalazwa juu ya mandhari inapigwa picha, inaondolewa inalazwa nyingine. Rangi 327, na 50 kati ya hizo zilitengenezwa kwa ajili yake, kwa sababu sehemu kubwa ya filamu ni usiku na usiku ukiupaka rangi chache unakuwa lami. Nao pia walirekodi sauti kwanza ndo maana midomo inafuata maneno. Hadithi mimi hata leo siielewi vizuri sehemu za mwisho, nikuambie ukweli, lakini zile taa za nyuma za pikipiki zinavyoacha mkia mwekundu barabarani, nilirudisha ile kanda mpaka mashine ikaimeza.

Novemba 18 nitaipita haraka. Siku hiyohiyo moja Marekani zilitoka mbili zinagombana, Oliver & Company ya Disney na The Land Before Time ya Don Bluth, aliyetoka Disney 1979 na wenzake akaenda zake mpaka Ireland kufungua studio. Disney walitumia kompyuta kwenye magari ya New York, wanyama wakawachora kwa mkono. Ya Bluth ilianza vizuri zaidi, Disney ikaja kuipita kwa hela za Marekani. Hiyo ya Bluth, ya dinosari, ndo nzuri zaidi, hapo hunitoi.

Sasa wewe unasema uko 3D, sawa, kaa huko huko, mimi sikwambii uhame na wala sitaki uhame, hela ziko huko. Ila jaribu hivi: fungua Tin Toy, halafu ile sehemu ya taa, halafu mtoto na kopo la peremende. Sogeza fremu moja moja kama mlivyofundishwa, uangalie tu uzito uko wapi, mguu upi umeubeba, macho yanatangulia kwa fremu ngapi. Ukiona tofauti ya hesabu kati ya ile ya kompyuta na zile za mkono niandikie, maana mimi nimezirudisha sana sijaiona, isipokuwa yule mtoto mwenye nepi ya plasta.

Hela ya bando nimeshakutumia. Na mdogo wako akija huko likizo usije ukamwekea ile ya Kobe, tena usiku, sitaki simu za saa nane. Mpe Totoro.

Baba yako.