Unaponunua mtoto wa mbwa, omba kumwona mama yake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Moshi na Arusha wanaotafuta mbwa wa mbegu, hasa wale wanaochagua kwa picha za kwenye simu.

Mwaka jana mwezi wa Machi, jirani aliniita nikaone mbwa nyuma ya nyumba ambayo mwenyewe alikuwa anahama. Nilikuta majike manne wa German Shepherd, kila mmoja kwenye kibanda cha wavu na mabati ambacho hata mbuzi asingegeuka ndani yake. Watoto wao walikuwa wakiuzwa mpaka Arusha. Sasa wamechoka, hawazai tena, na mwenyewe alisema wazi kwamba wakikosa mtu atawawekea sumu. Nikamchukua mmoja. Kijana wa bodaboda akachukua mwingine. Kesho yake nilirudi na mwenzangu kwa ajili ya wale wawili, tukakuta vibanda vitupu.

Mjukuu wangu alimpa jina la Tausi. Daktari wa mifugo alimfungua mdomo akanionyesha meno ya mbele yaliyolika karibu na ufizi kwa kutafuna wavu. Kucha zilikuwa zimejikunja, na kwenye chuchu moja palikuwa na uvimbe kama punje ya harage. Alimkadiria miaka sita. Mbwa hubeba mimba siku 63 hivi, na wengi huingia kwenye joto, yaani hutaka dume, kama mara mbili kwa mwaka. Ukimpandisha kila joto bila kumpumzisha, hesabu mwenyewe amezaa mara ngapi.

Mimi nilidhani tatizo ni minyoo na kupe. Kumbe hakuwahi kukanyaga nyasi. Nilipomshusha uani aliinua mguu mmoja, akaushusha, akainua mwingine, kana kwamba chini kuna makaa, kisha akalala akitetemeka. Mlango wa jikoni hakuupita kwa wiki tano. Wala hakula mtu akimtazama. Kila jioni nilikaa kwenye kigoda nimempa mgongo, namenya ndizi, bakuli la ugali wa dona na dagaa liko nyuma yangu. Namsikia akilamba, sigeuki. Kesho nalisogeza kidogo. Mwezi wa Juni akanigusa kisigino kwa pua. Ndizi zilikwisha, lakini sikuinuka mpaka giza likaingia.

Aliyemfundisha zaidi yangu ni Simba, mbwa wetu wa kienyeji. Tausi alijifunza mlango kwa kumfuata yeye. Anayechukua mbwa wa namna hii asimpeleke matembezini bila kamba hata baada ya miezi, maana akishtuka hukimbia asirudi. Na asimpige akichafua ndani. Amelala juu ya uchafu wake maisha yake yote.

Muuzaji anayetaka kukuletea mtoto stendi ndani ya boksi, huku akikwepa usifike kwake, mwache. Nenda uone mama anapolala. Mtoto asiyetimiza wiki nane usimchukue. Uingereza, tangu mwaka 2020, madalali na maduka hawaruhusiwi kuuza watoto wa mbwa wa chini ya miezi sita, na sheria hiyo huitwa kwa jina la Lucy, jike aliyeokolewa Wales mwaka 2013 kwenye banda la kuzalishia. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Nawaomba maofisa mifugo wa kata, wanapopita kuchanja kichaa cha mbwa, wazunguke na nyuma ya nyumba.

Na mwenye majike waliochoka kuzaa asikimbilie sumu. Atangaze kwa majirani, kanisani, msikitini, na atupe muda wa zaidi ya usiku mmoja.

Mwalimu mstaafu,
Rau, Moshi