Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Habari za siku nyingi. Kwa baadhi yenu ni nyingi kwelikweli.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulikutana mara 6, tukaenda Victoria and Albert Museum hapa London kutazama tsuba, vile visahani vya kukinga mkono kwenye panga za Kijapani, na Agosti hatukufanya kitu. Katibu alitoa mada juu ya shakudo, ile shaba inayotiwa dhahabu kidogo tu, kisha ikichemshwa kwenye dawa hugeuka nyeusi yenye ubuluu kama bawa la kunguru. Ilikuwa mada nzuri. Waliokuwepo wanajua, na walikuwa 7.

Sasa nije kwenye jambo lililowafanya mfungue barua hii.

Tsuba ya chama, ile ya chuma yenye herufi mbili za saini ya Nobuie, fundi wa tsuba wa Japani, kushoto mwa tundu la upanga, ilinunuliwa mnadani kwa mchango wa wote miaka 8 iliyopita, kabla sijawa mwenyekiti. Naomba hilo likumbukwe. Mwaka huu ilipelekwa Tokyo ikakaguliwe ipate cheti. Imerudi bila cheti: saini si yake. Ada ya ukaguzi, wakala, bima na posta ya kwenda na kurudi vimekula pauni 410.

Nimesikia kwamba nilijiamulia. Niliitisha mkutano Februari, wakaja 4. Nikaitisha tena Machi, wakaja 5, na mmoja akaondoka kabla ya chai. Akidi yetu ni 12. Basi kamati ikaamua, maana yake mimi, Katibu, na Mhazini, ambaye leo anasema hakuelewa alichokuwa anatia saini.

Nimesikia pia kwamba tungeiuza kimyakimya kama Nobuie. Tumuuzie nani? Huyu ni bingwa wa chuma wa karne ya 16, na jina lake limeghushiwa kwa mamia ya miaka na Wajapani wenyewe. Mnunuzi mwenye macho huanza kwa kuuliza cheti. Asiye na macho tungekuwa tunamwibia. Mimi nilishasema tangu 2021 kwamba mikato ya patasi kwenye zile herufi ina woga, kama mtoto anayefuatisha mwandiko wa mwalimu. Nikaambiwa najifanya mjuzi.

Na chuma chenyewe si kibaya hata kidogo. Pitisheni kidole ukingoni, mtakuta vile vinundu ambavyo wakusanyaji huviita mifupa ya chuma. Juu na chini ya tundu kuna vipande vya shaba vilivyogongwa ili upanga usicheze. Kwa maoni yangu kitu hiki kilivaliwa na mtu kiunoni, kabla serikali ya Japani haijakataza raia kutembea na panga mwaka 1876. Tumepoteza jina tu.

Ilipotoka kwa mwanachama aliyeihifadhi (simtaji), ilikuwa na kutu nyekundu kwa sababu ilikaa dirishani. Mwingine akapendekeza brashi ya waya! Ukiondoa ile ngozi nyeusi ya chuma umeua tsuba. Nilikaa nayo jioni nyingi na kipande cha mfupa na kitambaa cha pamba, nikikwangua doa moja moja. Hakuna aliyenipa pole.

Fedha. Tulianza na pauni 655, ada zikaingia 270, ukaguzi ukachukua 410, ukumbi 240, chai 38, zimebaki 237. Wanachama ni 23 na ada ni pauni 30. Waliolipa ni 9. Deni la wale 14 ni pauni 420, yaani lingelipa ukaguzi wote na chenji ikabaki. Lakini kelele za hizo 410 zimetoka zaidi upande wa hao 14.

Mwakani, Inshallah, tutafikiria safari ya Oxford, na siku moja, Mungu akitujalia, Makumbusho ya Panga kule Ryogoku, Tokyo. Wapo wanaotaka tuchanganye na majambia ya Oman. Sina neno, ila mwenye jambia alilete mwenyewe mkutanoni.

Tsuba iko kwangu, ndani ya kisanduku chake, mbali na dirisha. Anayetaka kuiona apige simu kwanza, na aje na ada yake.

Mwenyekiti