Anayeuza kiti cha kuiga aseme ni cha kuiga

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie samani za kuiga. Biashara hii imeshamiri hapa Dodoma tangu Serikali ihamie na nyumba mpya zianze kujaa Ilazo, Kisasa na Nzuguni. Mteja anafika karakana na picha kwenye simu: "Fundi, nataka kama hiki." Picha inayojirudia sana ni ya kiti cha mbunifu Hans Wegner wa Denmark, chenye mgongo wa mviringo na nguzo ya umbo la Y. Kilibuniwa 1949, na kampuni ya Carl Hansen & Søn inakitengeneza mpaka leo. Bei ya orijino haishikiki kwa mshahara wa kawaida, na mteja anayetaka kinachofanana nacho hana kosa lolote. Tunachogombea ni namna kinavyotengenezwa, na jina kinalouziwa.

Mgongo wa kiti kile umekunjwa kwa mvuke, kwa hiyo nyuzi za mbao zinafuata mviringo wote. Mafundi wengi huchora mviringo huo juu ya ubao mnene ulionyooka, kisha wanaukata kwa msumeno. Kwa macho ni kilekile. Ila kuelekea kwenye ncha nyuzi zimekatwa mshazari, zimebaki fupi, na mtu mzito akiegemea mgongo unapasuka hapohapo. Ukiubandika kwa gundi utapasuka tena, maana udhaifu uko kwenye nyuzi zenyewe.

Njia ya uhakika ni kuchana mbao vipande vyembamba vya milimita 3, vipande 8 kwa mgongo wa milimita 24, kuvipaka gundi na kuvibana kwenye kalibu, yaani umbo la kukunjia, kwa saa 24. Kalibu iwe imejikunja kidogo kuliko umbo unalotaka, kwa kuwa mgongo ukifunguliwa hurudi nyuma. Tumia gundi ya epoksi. Gundi nyeupe ya kawaida ikikaa kwenye mvutano wa kudumu husogea polepole na umbo linafunguka. Mtiki una mafuta, hivyo ufutwe kwa thina muda mfupi kabla ya kupaka gundi. Asiye na vifaa vya kubana aunge mgongo kwa vipande vitatu vifupi, kila kimoja nyuzi zake zikienda kwa urefu. Hakitafanana sana na cha Wegner, na sisi tunaona hiyo ni faida.

Kikalio cha orijino husukwa kwa kamba ya karatasi ya meta 120 hivi. Kamba ya mkonge inafaa kabisa, bora isukwe ikiwa kavu na kuvutwa kwa nguvu. Mkonge ukilowa hufupika, ukikauka hulegea. Aliyesuka kamba mbichi atapata kikalio kinachobonyea.

Adui mkubwa lakini ni ukavu wa hewa yetu. Mvua za Dodoma ni za Desemba hadi Aprili tu, miezi mingine ni jua na upepo, huku mtiki wa Morogoro na paina ya Sao Hill vikifika sokoni bado na maji. Meza ya mtiki yenye upana wa sentimita 90, unyevu wa mbao ukishuka kutoka asilimia 18 hadi 10, inaweza kusinyaa zaidi ya sentimita moja. Kama imepigiliwa misumari pande zote, haina pa kwenda ila kupasuka katikati. Skrubu za kushikia uso wa meza zipite kwenye matundu marefu ili mbao icheze.

Kupima unyevu hakuhitaji mashine. Kata kipande katikati ya ubao, si mwishoni, ukipime uzito, kisha ukikaushe kwenye oveni kwenye nyuzi joto 103 hivi mpaka uzito usishuke tena. Kilichopungua kigawe kwa uzito mkavu. Gramu 118 zikibaki 100, unyevu ni asilimia 18: subiri. Panga mbao kivulini, vijiti vya sentimita 2.5 kila baada ya sentimita 60, ncha zipakwe rangi ya mafuta, mpaka unyevu ufike asilimia 10 hadi 12. Pesa anayookoa mteja kwa kutonunua jina iishie hapa, kwenye mbao kavu, na kwenye viungo vya ulimi na tundu, ambapo ncha ya mbao moja huchongwa iingie kwenye tundu la nyingine: ulimi theluthi moja ya unene wa mbao, urefu usiopungua milimita 25.

Sasa suala la haki. Umbo la zamani si mali ya mtu milele. Kiti namba 14 cha Michael Thonet cha 1859 kilianza kutengenezwa na viwanda vingine hataza yake, yaani haki ya pekee ya kukitengeneza, ilipoisha 1869, na hapakuwa na wizi. Kwa kazi za karne iliyopita mambo ni tofauti: Uingereza tangu Julai 2016 ulinzi wa samani zinazohesabiwa kuwa kazi za sanaa umepanda kutoka miaka 25 hadi uhai wa mbunifu na miaka 70 zaidi. Kwetu, Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 inakataza kuibandikia bidhaa jina lisilo lake, na Tume ya Ushindani ndiyo inayofuatilia. Muuzaji anayesema "orijino ya Ulaya" kwa kiti kilichotoka gereji ya jirani anamwibia mteja kwanza, kabla hata ya mbunifu.

Na wizi huu unatufikia. Kuna maduka yanayochukua picha ya kazi ya fundi wa hapa, yanaitangaza kama yao, kisha yanampa mwingine aitengeneze kwa bei ya kutupa. Anayekasirikia hilo hawezi kunyamaza Wegner akifanyiwa vivyo hivyo.

Tunawaomba wenye maduka waandike kwenye risiti vitu vitatu: aina ya mbao, nani katengeneza, na kama umbo limeigwa kutoka kwa nani. Wanunuzi nao wakipindue kiti kabla ya kulipa. Wakiona vichwa vya misumari chini ya unga wa mbao na gundi mahali palipostahili ulimi, waulize bei upya.

Mafundi seremala,
Dodoma