Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Kigoma

Ndugu wanachama,

Asanteni kwa kuitikia wito. Mkutano tumeuweka tena kipindi cha mbalamwezi ili wenzetu wavuvi wa karabai, ambao hawavui mwezi ukiwaka, wasipate kisingizio.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba ada zimechelewa, kama ilivyo desturi yetu mbaya, na betri ya kituo chetu cha redio haijanunuliwa.

Mwaka huu kilichotukusanya hasa ni ule usiku wa simulizi za simu ya upepo (telegrafu isiyo na waya, yaani redio ya zamani), tulipomzungumzia Jack Binns. Mwingereza huyu, aliyezaliwa 1884, alianzia kwenye telegrafu ya reli. Wazee wetu wa reli hapo walikaa vizuri vitini. Baadaye akaingia melini kama mpiga simu ya upepo.

Alfajiri ya tarehe 23 Januari 1909, meli yake, Republic, iligongwa na meli nyingine, Florida, kwenye ukungu, karibu na Nantucket, Marekani. Maji yakajaa chumba cha injini, umeme ukazimika. Binns akaunganisha betri za akiba, akapiga CQD, ishara ya hatari ya wakati huo. (Kijana mmoja aliuliza mbona si SOS. SOS ilikuwa imeshakubaliwa, lakini watu wa Marconi, kampuni ya simu ya upepo, walikuwa bado na mazoea yao.) Ishara za betri zile hazikufika mbali. Aliyezisikia ni mtu wa zamu kwenye kituo cha pwani, Siasconset, naye akazirusha kwa meli nyingine. Meli ya Baltic ikazunguka ukunguni mchana kutwa, ikiongozwa na redio, ikafika jioni. Waliokolewa zaidi ya watu 1,500. Waliokufa ni sita, wote kwa ule mgongano.

Binns hakupenda kufanywa shujaa. Kampuni ya filamu ilipotumia jina lake bila ruhusa, aliishtaki, akashinda. Alifariki 1959.

Wengi mlitoka mkimsifu yeye. Mimi nilitoka nikimfikiria yule wa Siasconset. Boti zetu zinazovuka ziwa kwenda Kalemie, upande wa Kongo, zikishaliacha gati nyuma, simu ya mkononi hupoteza mtandao. Hata nahodha mwenye redio akiita chaneli 16, ile ya dharura, saa nane za usiku, nani wa nchi kavu atamjibu?

Kwa hiyo napendekeza ada za sasa zianze na betri, kabla ya fulana, na tuanze zamu za kusikiliza usiku. Katibu ana daftari. Zamu ya saa nane bado haina jina.

Mwenyekiti