Mwacheni mchezaji wa mikoani na aironi zake nene

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa muda mrefu na ukurasa wa michezo ndo naanzaga nao kabla hata ya siasa, sasa majuzi mlitoa makala, mwandishi wenu anasema mchezaji gofu wa ridhaa anayenunua aironi za kusamehe (fimbo za kichwa cha chuma zinazopunguza madhara ya pigo baya) anajidekeza, eti aanze na bledi mkono ukae sawa kwanza, akishaiva ndo achague anachotaka. Naomba kanafasi nijibu, maana hayo maneno yameleta ubishi mkubwa huku Tabora na kuna mwenzetu mmoja alishaanza kutafuta mteja wa seti yake nzuri kabisa kwa ajili ya hiyo makala. Tukamwambia bana, tulia.

Kwanza mwandishi anaongea kama kila mtu anaishi karibu na uwanja na ana kocha wa kumshika kiwiko kila Jumamosi. Sisi kikundi chetu tunapiga kwenye eneo la wazi pembeni ya mji, mashimo tumefukia makopo ya maziwa ya unga (tundu la sheria lina kipenyo cha milimita 108, letu linakaribia karibia), na ukitaka kucheza mashimo 18 kwenye majani ya maana unapanda treni au basi mpaka Dar, kwenye viwanja vya Lugalo au Gymkhana, hiyo ni nauli, chakula na pa kulala. Mtu wa namna hii anacheza kwa kubahatisha nafasi, wiki hii yupo, wiki mbili zijazo yuko shambani anahangaika na tumbaku. Sasa huyo unampa bledi afanyie nini?

Kwa wasiojua, bledi ni ile aironi ya asili, kichwa kidogo, nyuma kumejaa chuma, chini nyembamba kama makali. Ukiupata mpira katikati kabisa mkono unasikia utamu, hilo sibishi hata kidogo. Ila ukikosea kidogo tu, mpira ukagonga kuelekea ncha, kichwa kinajizungusha mkononi, spidi inapotea na mpira unaangukia njiani. Aironi ya kusamehe imechimbwa nyuma halafu kile chuma kilichotoka katikati kimepelekwa pembeni, kwenye kisigino upande wa mpini na kwenye ncha. Mtu aliyebeba ndoo mbili za maji kwa mzega hawezi kugeuka haraka kama aliyeshika ndoo moja kifuani, na kichwa cha aironi hizi ni hivyo hivyo, uzito uko pembeni kwahiyo kinakuwa kigumu kuzungushwa na pigo baya. Uzito mwingine umeshushwa chini ili mpira upae hata kama umeugusa kwa mistari ya chini ya uso. Hapo kujidekeza kuko wapi, hiyo si ni hesabu tu?

Na mwandishi angejua historia angenyamaza. Mtu aliyeipeleka mbali hii akili ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, injinia wa General Electric, ambaye alianza kucheza gofu akiwa na miaka 42. Yaani mtu mzima na kazi yake, kama sisi tu. Fimbo ya kusukumia mpira shimoni ilikuwa inamtesa akaamua kujitengenezea ya kwake kwenye gereji ya nyumbani, kampuni yake ya PING ikaanza 1959, na mwaka 1982 zikatoka aironi za Ping Eye2 ambazo mpaka leo kuna wazee wanazo kwenye mabegi na hawataki kusikia habari za kuziuza. Isitoshe wachezaji wa kulipwa wenyewe wengi tu siku hizi wanachanganya, aironi fupi wanaweka nyembamba, zile ndefu namba 3 na 4 wanaweka zenye msaada. Wao wanaolipwa wanakubali kusaidiwa, mimi ninayelipa mwenyewe nikatae?

Anayebisha nampa kazi ndogo. Chukua poda ya mtoto, pakaa kidogo kwenye uso wa aironi namba 7, piga mpira, angalia. Piga tena, angalia. Tulimfanyia hivyo mzee wetu mmoja mstaafu wa reli ambaye alikuwa anaapa kwamba yeye katikati haikosi. Uso ukaonyesha alama moja karibu na ncha, nyingine chini kabisa kwenye mstari wa kwanza, nyingine mbili zimelaliana kuelekea kisigino, katikati peupe poda haijaguswa. Mzee akaitazama ile fimbo, akaitazama na kule ilikokwenda mipira, ipo imetawanyika, mmoja umeingia chini ya mwembe. Tukampa aironi nene ya mwenzake, poda ikapakwa upya, alama zikawa zile zile za ovyo kabisa, ila mipira ikalala jirani jirani. Akasema, "Kumbe sijaponywa, nimefichiwa tu." Tukamwambia ndiyo mzee, na mbele ya shimo hakuna anayeuliza!

Sasa nisije nikaonekana nimetumwa na wauzaji, maana wao nao nina neno nao, tena kubwa kuliko la mwandishi wenu. Mtu anakuuzia seti ya mtumba kwa simu, anakupigia debe kwamba namba 7 yake inakwenda mbali kuliko yako ya zamani, ukiuliza imekuwaje anakwambia teknolojia. Teknolojia ipo, ila asichokwambia ni kwamba namba 7 ya zamani ilikuwa na mlalo (uso wa fimbo ulivyoinama kwa nyuma, ukipungua mpira unakwenda mbali zaidi) wa digrii kama 34 au 35 na nyingi za sa hivi za kusamehe ni digrii 28 mpaka 30, yaani umepewa karibu namba 5 ya zamani imechapwa namba 7. Kuna kijana wetu alinunua seti hivyo kwa muuzaji mmoja, akafurahi wiki nzima, alafu akagundua ana pengo katikati ya begi, wedge (fimbo ya mapigo mafupi) iliyokuja na seti ni digrii 44, ile ya mchangani aliyokuwa nayo toka zamani ni 56, kwahiyo mpira wa umbali wa katikati hana fimbo nao, inabidi ama apige ile kwa nguvu zote ama hii kwa nusu nusu, na nusu nusu ndo pigo gumu kuliko yote kwa mtu wa ridhaa. Begi ni fimbo 14 basi, kwahiyo kila namba unayoongeza huku unaitoa kule. Muuzaji alipopigiwa simu akasema hizo digrii hazijui.

Jambo lingine ambalo sijawahi kuliona kwenye gazeti lolote ni udongo. Makala zote zinaandikwa kama vile dunia nzima ni majani ya kumwagilia. Aironi za kusamehe zina tumbo pana chini, na huku kwetu kwenye kichanga chepesi hilo tumbo ni rafiki, halizami, linateleza unaendelea na safari. Lakini kiangazi kikikaza, mwezi wa tisa na wa kumi ardhi imekauka kama sakafu, lile tumbo likigusa kabla ya mpira linaruka na uso unaugonga mpira kichwani, unakwenda chini chini mpaka unasikia aibu. Hapo ndo nimeona wenye tumbo la wastani wanatamba. Kwahiyo anayeishi Tabora asichukue ile nene kuliko zote kwa sababu tu imeandikwa inasamehe sana, aijaribu kwanza kwenye udongo wake, na kama hana pa kujaribia aazime ya jirani hata kwa jioni moja.

Na mshikio pia, yaani ule mpini mrefu unaobeba kichwa. Wengi wanaangalia kichwa tu, mshikio wanasahau. Mzee wa miaka 60 na zaidi akipewa wa chuma wa gramu 120 atapiga mashimo tisa ya kwanza vizuri halafu mabega yanagoma, wakati mshikio wa grafaiti (nyuzi za kaboni) unaweza kuwa nusu ya huo uzito. Kichwa kisamehe mpaka kesho, mkono ukichoka hakuna msamaha.

Nikiri pia kuna vitu hizi aironi hazisamehe na wanaozisifu wasidanganye watu. Ukichimba udongo sentimita kadhaa nyuma ya mpira, umechimba. Mpira ukigonga pale shingoni fimbo inapoungana na kichwa, utakwenda kulia kwenye nyumba za watu kama kawaida, uwe na bledi uwe na nene. Ule uso wa aironi hizi uliorudishwa nyuma kidogo ya mshikio unampa nafasi mtu ambaye mipira yake inakimbilia kulia, ila kwa ambaye tayari anavutia kushoto unamwongezea tatizo, huyo kweli atafute zenye uso ulionyooka.

Ombi langu ni hili Mhariri. Mkiandika tena habari za vifaa vya gofu wekeni digrii za mlalo za kila namba, upana wa chini na uzito wa mshikio, kama mnavyoweka cc kwenye habari za pikipiki, sisi wa mikoani tutajua cha kumuuliza muuzaji kabla hela haijatoka kwenye simu. Na yule mwandishi wenu kama ana safari ya huku, aje na bledi zake mwezi wa kumi, poda tutanunua sisi.

Wenu,
Mpiga gofu wa Isevya,
Tabora