Mkaa Haupauki: Kilichompata Chui Wako Ni Kingine

Sisi huchora wanyama kwa mkaa, na malalamiko tunayopata ni yale yale, anayebadilika ni mnyama tu. "Mlinichorea chui, sasa amepauka. Mlitumia mkaa wa bei ya chini." Wiki hii yamekuja tena, na mteja hakuficha: anaona tumemtapeli. Tunajibu hapa kwa sababu tunajua wapo wengine wanaowaza hivyo hivyo kimyakimya.

Mkaa haupauki. Ni kaboni, na kaboni jua haliifanyi kitu. Picha ya printa inaweza kupauka ukutani, mkaa hapana. Kule Ufaransa kuna pango la Chauvet, lililogunduliwa mwaka 1994. Ndani yake mna vifaru na simba waliochorwa kwa mkaa zaidi ya miaka 30,000 iliyopita, na weusi wao bado upo. Lakini angalia walivyosalimika: mwamba uliporomoka ukaziba mlango wa pango, na kwa maelfu ya miaka hakuna aliyepitisha kiganja juu yao. Mkaa hauogopi mwanga, unaogopa kuguswa.

Yule chui tuliomba aletwe. Siku ya kumchukua, mteja alikataa fremu yetu akisema kioo ni janja ya kuongeza bei. Akaenda kununua fremu iliyo tayari, yenye plastiki mbele badala ya kioo, nayo imelala moja kwa moja juu ya karatasi. Tulipong'oa vijisumari vya nyuma na kuinua ile plastiki, chui tukamkuta huko: madoa ya bega na mstari wa taya, kushoto kumekuwa kulia, vimenata upande wa ndani. Kwenye karatasi, kivuli cha chini ya tumbo kilikuwa kimebaki ukungu wa kijivu. Plastiki ikipanguswa kwa kitambaa kikavu hujaa umeme tuli, nao huvuta vumbi la mkaa kutoka kwenye karatasi. Kila alipoisafisha fremu yake alikuwa anampunguza chui wake.

Ndiyo maana tunaweka kioo, na kati ya kioo na mchoro tunaweka kadibodi nene iliyokatwa dirisha katikati, ili visigusane. Kadibodi hiyo haina asidi, karatasi vilevile. Karatasi yenye asidi hugeuka njano, kisha lawama zinaangukia mkaa.

Wengine huuliza, kwani si mnapulizia dawa? Tunapulizia. Tabaka jembamba, chupa ikiwa mbali kiasi cha sentimita 30, tunaacha ikauke, tunarudia. Dawa hiyo inashika chembe zisipukutike ovyo. Haiufanyi mchoro kuwa kitu cha kupangusa. Tukiimwaga mpaka kidole kisichafuke kabisa, karatasi inalowa, vijivu vyepesi vinakolea, na milima ya mbali tuliyoichora nyuma ya mnyama inasogea mbele.

Na hiyo milima ndiyo inayompa mnyama mahali pa kusimama. Tunaanza nayo: unga kidogo wa mkaa, unatandazwa kwa brashi laini mpaka ukaribie kuisha, kwa kuwa kilicho mbali huonekana hafifu zaidi. Inafuata miti, kisha nyasi, mnyama baadaye. Mkaa wa vijiti, ulio laini na unaofutika upesi, ndio wa kujengea umbo. Mkaa wa kushindiliwa, mweusi tii na mbishi kutoka, tunauweka mwisho: kwenye mboni, puani, penye kivuli kizito. Weupe hatuupaki. Sharubu za chui au mng'ao kwenye pembe ya tembo ni karatasi yenyewe, imefunuliwa kwa kifutio cha kukanda kilichofinywa kikatoka ncha. Madoa nayo yanafuata mwili. Mgongoni na ubavuni yana umbo la pete iliyokatika-katika, pale ngozi inapopinda kuelekea tumboni yanabanana, miguuni yanakuwa madoa meusi yaliyojaa. Doa moja likikaa vibaya, bega limevunjika. Anayetuambia "ni mkaa tu huo, kwani mkaa shilingi ngapi" hajui kwamba bega peke yake linaweza kula siku nzima.

Njia ya mkato inayotuumiza roho kuliko zote ni laminesheni. Mama mmoja alichorewa tembo na mtoto wake wakivuka mto, zawadi ya harusi ya bintiye. Akaona fremu ni gharama, akaupeleka mchoro kwenye mashine ya laminesheni. Gundi ya moto ikauchota mkaa, rola zikausukuma, na mto mzima ukawa tope. Hapo hakuna fundi wa kuokoa kitu, kwa sababu plastiki haibanduki bila kuondoka na mchoro. Ilibidi aagize mwingine, akalipa mara mbili kazi ambayo kioo kingeilinda tangu mwanzo. Dawa ya kupulizia nywele tunaikataza pia. Inaonekana imeshika siku ya kwanza, baadaye inageuka manjano. Hata kuukunja mchoro kama mkeka ni kuusugua wenyewe kwa wenyewe.

Kwa hiyo bei tunayokutajia sasa ina kioo na kadibodi ndani yake, na hatuvitoi ili kuishusha. Ukitaka ndogo zaidi, tupunguze ukubwa wa karatasi, au tuchore mnyama bila mandhari, hayo tunazungumza. Anayesafiri tunampa mchoro ukiwa bapa, umefunikwa karatasi nyororo na kubanwa katikati ya mbao mbili nyepesi, afunge kioo akifika.

Kama unao mchoro wetu wa zamani ambao hauna kioo, usiupanguse wala usiupulize kwa mdomo, maana mate yanaacha matone. Ulaze uso juu, kwenye boksi pana ambalo kifuniko chake hakiugusi mchoro, uulete hivyo hivyo. Sehemu iliyopungua mkaa tunaweza kuirudisha alimradi karatasi haijachubuka. Yule chui yupo mezani kwetu sasa, kivuli cha tumbo kimeanza kurudi, na mwenyewe ameshachagua fremu.